Ukisema nimekula shamba lako, nionyeshe bikoni

Mtu ameishi Nakuru miaka ya kutosha anajua cheti cha sheya si taitoli. Unapata mzee ako na karatasi ya kampuni ya kununua mashamba, imekaa kwa sanduku tangu miaka ya sabini, iko na mhuri, imepigwa laminesheni ndio isioze, na ukimwuliza hii shamba ni ya nani anakuambia ni yangu, lakini ukienda ofisi ya ardhi unakuta jina lingine ama hukuti jina. Alilipa, hakuna mtu anakataa hiyo. Shida ni alinunua kitu kimoja akaamini amenunua kingine, na watoto wake wanarithi hiyo imani pamoja na kesi.

Naanza na mashamba manake sijapata njia nzuri kuliko hiyo ya kueleza kile kilinipeleka mbio ofisi ya sacco moja hapa tauni juzi. Hiyo sacco niliwawekea seva miaka kadhaa imepita, inaendeshwa na Debian, yaani Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta ambao mtu yeyote anaweza kuusoma na kuutumia, na haijawahi kuwasumbua, wanaingiza shea na mikopo, bekapu inafanyika usiku, asubuhi watu wanahudumiwa. Sasa mweka hazina ananipigia simu saa mbili asubuhi, sauti imeshuka. "Fundi, hii kitu ulituwekea iko na kesi?"

Kumbe jana yake kijana wa kuuza programu alikuwa amepita hapo na mkoba wake, akawaambia Linux ndani yake kuna msimbo wa watu, yaani maandishi ya programu, uliibiwa, kuna kesi Amerika ya mabilioni, na siku moja mwenyewe atakuja kudai kila anayetumia, kwa hivyo wachukue mfumo wake mapema wakae salama. Bodi ilikuwa inakaa Alhamisi. Nikamwambia mama tulia kwanza, usitoe kitu, usisaini kitu, nakuja.

Kitu kiliniuma zaidi ni kwamba huyo kijana hakuwa ametunga hiyo kesi. Ilikuwepo. Ilianza Machi 2003 na imekula karibu miaka ishirini ya mahakama, na nafikiri kila mtu anayeuza ama kuweka ama kulinda mifumo ya programu huria hapa kwetu anafaa aijue vizuri kwa mwanzo na mwisho, ndio mtu asije akamtisha mteja wako na mwanzo peke yake.

Ilikuwa hivi. Unix ni mfumo ulizaliwa 1969 kwa maabara za Bell za AT&T, na karibu kila mfumo wa maana uliokuja baadaye uliiga mwendo wake. AT&T ikauzia Novell hiyo biashara 1993. Mwaka 1995 Novell nayo ikauzia kampuni inaitwa Santa Cruz Operation. Mwaka 2001 Santa Cruz wakauzia Caldera, na Caldera mwaka uliofuata ikabadilisha jina ikajiita SCO Group. Na hapa shika vizuri: Caldera ilikuwa kampuni ya Linux. Walikuwa wanasambaza Linux wenyewe, kwa leseni ile ile ya GPL, ile inasema mtu akipewa programu apewe na msimbo wake na ruhusa ya kuunakili na kuubadilisha. Halafu hao hao wakageuka, wakashtaki IBM, ile kampuni kubwa ya kompyuta, huko Utah, wakasema IBM imechukua siri za Unix ikazitia ndani ya Linux, wanataka dola bilioni 1, baadaye hesabu ikapanda mpaka bilioni 5. Mei 2003 wakaandikia kampuni kama 1,500 barua za kuzionya kwamba kutumia Linux kunaweza kuwaletea madai. Na leseni ikatangazwa, dola 699 kwa seva ya prosesa moja, hiyo ilikuwa kama elfu hamsini za Kenya kwa pesa ya wakati ule, kwa mashine moja, ya kununua amani tu.

Sasa rudi kwa yule mzee na sanduku. Ile agrimenti ya 1995 kati ya Novell na Santa Cruz iko na orodha ya vitu vinauzwa na orodha ya vitu haviuzwi, na kwa hiyo orodha ya pili, ya vitu vinabaki kwa Novell, imeandikwa hakimiliki zote. Zote. Santa Cruz hawakuwa na pesa ya kununua kila kitu, kwa hivyo walichukua biashara, wakawa wanakusanya malipo ya leseni za zamani wanapelekea Novell asilimia 95, wao wanabaki na 5 ya kazi ya kukusanya. Ni kama mtu amepewa shamba alime, achukue mavuno ya kuongezea, akusanye kodi ya wapangaji apeleke kwa mwenye plot. Kulikuwa na nyongeza ya mkataba ya 1996 ambayo SCO waliishikilia sana wakasema hiyo ndio ilihamisha hakimiliki, na si kwamba hoja yao ilikuwa ya upuzi, mahakama ya rufaa ilikubali 2009 kwamba swali linafaa kwenda kwa baraza la wazee wa mahakama, yaani jury, likaamuliwe vizuri. Likaenda. Tarehe 30 Machi 2010, Salt Lake City, hilo baraza likaamua hakimiliki hazikuwahi kuhama, ziko Novell. Jaji Dale Kimball alikuwa ameshasema hivyo hivyo Agosti 2007, na mwezi uliofuata SCO ikakimbilia ulinzi wa kufilisika. Yaani kampuni iliandikia dunia nzima barua za kudai kodi ya shamba ambalo taitoli haikuwa kwa jina lao.

Lakini mimi hata hiyo ya taitoli naiweka pembeni kidogo. Tuseme shamba ni lako kabisa. Bado ukisema nimekula, lazima unionyeshe bikoni, ile alama ya mpaka, iko wapi na mimi nimevuka hatua ngapi. Hapo ndio kiini cha haya mambo yote na ndio naona watu hawaelezwi.

Kwa programu bikoni ni mstari wa msimbo. Unasema nimeiba, sawa, ni faili gani, ni mstari wa ngapi, na wako unaofanana nao ni upi. Linux yote iko wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuishusha aisome usiku kucha, SCO walikuwa na hiyo nafasi kila siku. Wao msimbo wao ulikuwa umefungwa, hakuna mtu wa nje angeuona bila amri ya korti. Kwa hivyo aliyekuwa na uwezo wa kulinganisha pande zote mbili ni huyo anayeshtaki, na ndiye alikataa kuonyesha. Wakasema tukionyesha mistari, watu wa Linux wataitoa na ushahidi utapotea. Agosti 2003 wakafanya mkutano Las Vegas wakaonyesha vipande kwa skrini, na baadhi ya maandishi wakayageuza kuwa herufi za Kigiriki ndio watu wasisome. Kubadilisha fonti tu. Watu wakapiga picha, zikafika Ujerumani zikachapishwa, herufi zikarudishwa, na ndani ya siku chache Bruce Perens, mtu wa programu huria, akaeleza zimetoka wapi, kipande kimoja chimbuko lake ni Unix ya kale ambayo Caldera wenyewe walikuwa wameiachilia mwaka 2002 kwa leseni huria, na kingine ni kazi ya watu wa Berkeley, ambayo SCO hawakuwa na haki ya kuiita yao.

Kortini nako ikawa hivyo hivyo. Februari 2005 Jaji Kimball aliandika kwamba kuna tofauti kubwa mno kati ya yale SCO wanasema hadharani na ushahidi wameleta. Juni 2006 hakimu Brooke Wells akatupa madai zaidi ya 180 kati ya 294 kwa sababu hayakusema ni mistari gani. Alitoa mfano mimi huwa nawaambia vijana wangu dukani: mtu ameshikwa akitoka duka kubwa ameambiwa ameiba, anauliza nimeiba nini, askari anampa katalogi nzima ya bidhaa za duka anamwambia iko humo ndani mahali fulani, tafuta mwenyewe. Hakimu akasema hiyo haiwezekani. Na ndio maneno yale yale yule kijana wa mkoba alikuja kuambia mama wa sacco, iko humo ndani, mtajua siku ya barua.

Sitaki mtu adhani nasema Linux haijawahi kupatikana na kitu. Ilipatikana. SGI, kampuni iliyochangia msimbo wa mashine zake, ilikagua kazi yake 2003 ikakuta vipande vitatu vifupi vinafanana na vya Unix, ikasema hadharani, ikaviondoa. Ikaisha hapo. Hivyo ndio mpaka unarekebishwa kati ya majirani wenye nia njema, savea anakuja, anapima, unasogeza ua hatua mbili, mnaendelea kuishi. Na mwaka 2004 watu wa Linux wakaweka utaratibu kwamba kila anayeleta kipande anaweka jina lake chini, anathibitisha ana haki ya kukileta, na wanaokipitisha wanaweka sahihi zao pia. Mpaka leo ukichukua badiliko lolote kwa kiini cha Linux unaona hizo sahihi zimepangana moja chini ya nyingine. Niambie ni mfumo gani uliofungwa unakuonyesha hivyo.

Na hii si mara ya kwanza. Miaka kumi kabla ya hiyo, 1992, kampuni ya AT&T iliyokuwa inashika Unix ilishtaki BSDi, kampuni ndogo iliyokuwa inauza mfumo uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Maneno yale yale, mmechukua vyetu. Wakati kesi inasonga chuo nacho kikashtaki, kikasema nyinyi ndio mmechukua kazi yetu mkaiweka kwa Unix yenu mkafuta majina yetu. Mwanzo wa 1994 wakapatana, na ukihesabu kilichotolewa ni faili 3. Kati ya karibu 18,000. Nyingine kama 70 zikawekewa tu maandishi ya hakimiliki. Faili 3, na kwa hizo karibu miaka miwili ule mfumo wa Berkeley, BSD, ulikaa chini ya kivuli, watu wanaogopa kuugusa, na Linux ya kijana wa Helsinki, Linus Torvalds, ambayo ilikuwa imeanza 1991, ikapata uwanja. Torvalds mwenyewe amewahi kusema kama mfumo wa BSD wa kompyuta za 386 ungekuwepo alipoanza labda hangeandika Linux. Ona vile madai yanaweza kubadilisha njia ya dunia na ukichimbua unapata faili tatu.

Ndio maana nasema madhara ya hizi kesi hayako kwa hukumu, yako kwa woga wa katikati. Hukumu inakuja miaka kumi baadaye na wakati huo mwenye duka ameshalipa, ameshahama, ameshafunga. EV1Servers, kampuni ya kukodisha seva huko Houston, ilinunua leseni ya SCO 2004, wateja wakaikasirikia, na baadaye mkuu wake Robert Marsh akasema wazi kwamba hangefanya tena. DaimlerChrysler, kampuni ya magari, ilishtakiwa mwaka huo huo kama mteja wa zamani wa Unix, ieleze inatumia nini, nayo ikajibu kwamba huo mfumo haijautumia kwa zaidi ya miaka saba, na jaji akatupa karibu kesi yote. Daimler wana mawakili wa kujaza basi. Sacco ya wafanyabiashara wa soko haina, iko na wakili mmoja wa kuandika agrimenti za mikopo, na akiambiwa hakimiliki ya msimbo Marekani atasema heri mlipe tu. Ule mzani si sawa, na anayetishia anajua si sawa.

Mwisho wa ile ya IBM? 2021, wasimamizi wa mabaki ya SCO wakakubali dola milioni 14.25 yaishe. Walianza na bilioni. Mwaka huo huo, Machi, Xinuos ambao walirithi biashara ya Unix ya SCO wakafungua kesi mpya dhidi ya IBM na Red Hat, kampuni ya Linux, kwa hivyo ukitafuta kwa intaneti bado utapata kesi, ndio yule kijana alipata ya kusema. Lakini hiyo ni vita vya makampuni makubwa, sacco ya Nakuru haijashtakiwa na mtu.

Ile ya Oracle na Google naipitia haraka kwa sababu watu huniuliza, ni ya Java, lugha ya kuandikia programu, ndani ya Android, mfumo wa simu, ilianza 2010, mistari karibu 11,500, na Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kura 6 kwa 2 kwamba Google walitumia kwa njia ya haki. Ingeenda upande ule mwingine, kila mtu anayeandika programu inayoongea na ya mwenzake angekuwa na wasiwasi.

Kitu haizungumzwi sana, na hii ndio inanichoma mimi kama fundi, ni wizi unaoenda upande ule mwingine. Ingia maduka ya Kenyatta Avenue ama zile za vichochoro nyuma ya stendi, chukua rauta yoyote ya bei ya chini, chukua zile boxi za TV, nyingi ndani ni Linux. GPL inasema ukiniuzia hiyo mashine unipe msimbo wake ama uniandikie nitaupata wapi. Nimefungua kartoni nyingi sana maishani, nimesoma vile vijitabu vidogo vya karatasi nyepesi, na mara nyingi hakuna neno hata moja kuhusu leseni. Mwaka jana nililetewa rauta kama ishirini za shule moja upande wa Bahati, zote zinaganda baada ya siku mbili tatu, tatizo lilikuwa dogo, ningepata msimbo ningelirekebisha kwa wikendi moja, nikaandikia aliyewauzia, nikaandikia mtengenezaji, sikujibiwa na yeyote. Shule ikazitupa ikanunua zingine. Pesa za wazazi hizo. Hiyo pia ni kuchukua kazi ya watu na kukataa masharti yao, na hakuna mtu anapita maofisini na mkoba kuonya bodi juu yake.

Kuna watu wamejaribu kupigana. Harald Welte, Mjerumani mmoja wa wale wanaoandika sehemu ya Linux inayochuja data za mtandao, alienda korti ya Munich 2004 dhidi ya kampuni ya rauta na korti ikakubali kwamba GPL ni leseni yenye nguvu, ukiivunja huna ruhusa. Christoph Hellwig naye alishtaki VMware, kampuni ya programu, huko Hamburg 2015, na hapo ona jinsi mambo yanabana: korti ilitaka aonyeshe mistari ipi hasa ni yake na iko wapi ndani ya bidhaa yao, hakufaulu, na rufaa ikakataliwa 2019. Niliposoma hiyo nilisikitika, lakini siwezi kulalamika. Ni kipimo kile kile nilichotaka SCO wapimwe nacho. Tofauti ni kwamba mwenye msimbo uliofungwa anaweza kufungua wako akausoma, wewe wake huwezi, kwa hivyo kipimo ni sawa lakini mmoja anapima na taa na mwingine gizani.

Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inahesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, kama vile kitabu. Basi itendewe kama kitabu. Mtu akisema nimenakili kitabu chake anafungua ukurasa. Na leseni huria nazo zinasimama juu ya hiyo hakimiliki, si juu ya kukosekana kwake, wale wanaodhani Linux ni kitu haina mwenyewe wamekosea kabisa, iko na wenyewe maelfu, kila mmoja na kipande chake, na wamekubali sote tutumie kwa masharti.

Alhamisi nilifika mapema, nikakaa kwa benchi mpaka wakamaliza mambo ya mikopo. Wazee sita na mama wawili, chai iko mezani. Sikuwaonyesha makaratasi ya kesi. Nilifungua laptopu nikawaonyesha faili moja ya kiini cha Linux, ile inashughulika na kuandika kwa diski, nikashuka mstari kwa mstari, huu uliletwa na huyu, tarehe hii, hawa wawili wakaupitisha, sahihi zao hizi. Mwenyekiti alivaa miwani akasogea karibu kabisa na skrini, akafuata majina na kidole. Akauliza, "Na ile ya yule kijana, inafunguka hivi?" Nikamwambia mzee, hiyo sijui, mumwulize yeye. Mama mweka hazina akaandika kwa kitabu cha minitsi: aitwe tena, aje na mstari ulioibiwa, na karatasi ya kuonyesha hakimiliki iko kwa jina la nani.